Chuma cha Dirishani kwa Bibi Tusekile

Asiyekula moshi wake humlisha jirani.

Mmeisikia leo asubuhi kwa mama Ipyana, huyu anayewauzia chai hapa gereji, alipomwona Lusajo ameinamia injini akifungua boliti za ile valvu ya moshi mnayoiita EGR. Mlicheka kwanza. Kisha mkatazamana, kwa sababu hakuna aliyejua mlichokuwa mnakicheka, ndipo mkanijia mimi. Mmefanya vyema. Methali nyingi mnazikuta zimekwisha kuiva, na aliyezipika hatajwi tena. Hii mimi niliiona ikiwa bado mbichi. Weka spana chini, Lusajo, gari halitakimbia. Methali hii ilianza hivi.

Huku huku kwetu Tukuyu, upande wa barabara ya zamani, alikuwapo kijana aliyeitwa Gwakisa. Alikuwa na lori la kubebea ndizi. Lilikuwa lori lililotumika nchi za watu mpaka likachoka, likaletwa kwetu kama tunavyoletewa kila kilichochoka, tukaambiwa ni jipya. Mimi nilikuwa mpakizi wake. Nilipanga mikungu nyuma, nikaifunika majani, kisha nikakaa juu yake mpaka sokoni Mbeya.

Gwakisa alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni jirani, Bibi Tusekile, ambaye hakuwa wa ukoo wake kwa upande wowote. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa mabingobingo tu. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyomkuza yule mtoto, kijiko kwa kijiko. Watu walipomuuliza, "Mtoto huyu ni wa nani?" alijibu, "Ni wa aliye karibu." Jibu hilo liwekeni mahali, mtalihitaji.

Sasa sikilizeni habari ya kuegesha. Stata ya lori lile ilikuwa na kiburi, siku nyingine inashika, siku nyingine inanuna. Kwa hiyo Gwakisa, kama madereva wote wa milimani, alililaza pua ikitazama mteremko, ili likikataa kuwaka aliachie literemke lenyewe mpaka lishtuke. Pua ikitazama barabara, mkia hutazama nyumba. Na nyumba iliyokuwa mkiani mwa lori lile ni jiko la Bibi Tusekile.

Kila siku, jua likianza kugusa migomba, Gwakisa aliwasha lori, akaliacha lingurume pale pale hadi upepo wa breki ujae na injini ipate joto. Baridi ya kwetu mnaijua. Muda huo wote alikuwa amesimama dirishani kwa bibi. Bibi alimpitishia chai ya maziwa na ndizi iliyochomwa kwenye majivu.

"Umelala, baba?"

"Nimelala, bibi."

"Kunywa. Mlima haupandwi na tumbo tupu."

Hawakusema zaidi ya hayo, na mimi niliyekuwa juu ya mikungu nikiwatazama sikuwahi kuona watu waliosemezana kuliko wale wawili.

Basi lori likaanza kuugua. Lilitema moshi mweusi, na mlima ule wa baada ya daraja likawa linaupanda kama mtu anayekwenda ukweni bila kualikwa. Siku moja mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita kwa miguu. Akageuka, akatutazama, akasema, "Wanangu, niwapunguzie mizigo?" Nilicheka hadi nikashika tumbo. Gwakisa hakucheka. Ndizi hazisubiri. Anayechelewa sokoni hukuta wenzake wameshauza, na ndizi zake zinaiva zikimtazama.

Akalipeleka kwa fundi Ambakisye. Huyu alikuwa fundi mzuri na mcheshi, mikono haitoki mafuta hata siku ya ibada. Akafungua, akachomoa chuma kikubwa kama ngumi ya mwanamume, kimejaa masizi ndani mpaka hakionyeshi tundu.

"Mgonjwa wako huyu hapa," akasema. "Valvu ya moshi. Kazi yake ni kuchota moshi kidogo unaotoka na kuurudisha, injini iumeze tena."

"Injini ile mavi yake yenyewe?" Gwakisa akashangaa. "Ya nini?"

"Nasikia inapoza moto wa ndani."

"Kwa baridi hii ya Tukuyu tunapoza nini, fundi?"

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao. Lilionekana neno la akili. Mtu anayevaa makoti mawili asubuhi hawezi kuelewa habari ya kupoza.

"Naweza kukuoshea," Ambakisye akasema. "Ikioshwa lori litapanda vizuri, lakini itajaa tena, utarudi hapa, nitakuoshea tena. Au naitoa, naziba tundu kwa kipande cha bati nene, unasahau."

"Itoe nisahau."

Akaitoa. Akakata bati, akaweka gasketi, akakaza boliti. Na lori likapona, sisemi uongo. Mlima ule lilipanda likiimba. Yule mama wa kuni tulimpita tukampungia mikono. Na bomba la moshi, lililokuwa likitema weusi kama chungu cha msibani, sasa lilitoa kitu kisichoonekana. Gwakisa alikuwa akiwaita madereva wenzake watazame. "Unaona moshi hapo?" Hakuna aliyeuona. Na sisi watu wa macho tukisema hatuoni, tunadhani tumesema hakuna.

Ile valvu haikutupwa. Dirisha la jiko la Bibi Tusekile lilikuwa la ubao, na upepo wa mlimani ulikuwa na tabia ya kulipiga lifungike wakati bibi anapitisha kikombe. Chai ilikwisha mwagika mara nyingi. Gwakisa akaisugua valvu kwa nje mpaka ikang'aa kidogo, akaiweka kizingitini, ikaushikilia ule ubao. Upepo ukaja, ukaparamia, ukashindwa.

"Bibi, hiki kilikuwa kinalala tumboni mwa gari langu. Sasa kikulindie dirisha."

Bibi akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. "Ndaga, baba, asante. Kizito! Ndiyo maana maskini lilikuwa halipandi."

Masika hayakuwa yamekwisha, bibi akaanza kukohoa.

Mwanzoni kikohozi kidogo cha asubuhi. Baadaye kikawa cha kumshikisha mwimo wa mlango. Tukamwona akikamua ng'ombe akipumzika kila baada ya muda, kipaji cha uso kimeegemea ubavu wa mnyama. Gwakisa akawa hanywi chai yake kwa raha. Alikuwa amekwisha fiwa na mama asiyemkumbuka. Huyu alimkumbuka kila siku ya maisha yake.

Wakati huo walikuja wataalamu wa semina. Walikuja kwa magari makubwa, wakayaacha yakinguruma nje ya ukumbi saa zote ili ndani mwao kusiingie baridi, wakaingia kutufundisha kwamba kinachowaua wanawake wetu ni moshi wa kuni. Mimi sisahau. Nilikuwa nimesimama mlangoni, katikati ya sauti mbili, ya mtaalamu mbele yangu na ya magari yao mgongoni, na nilinyoosha mkono niulize, nikaambiwa maswali ni mwisho, na mwisho ulipofika waliondoka. Sisemi moshi wa kuni ni dawa. Moshi wa kuni ni mbaya, na anayewapa mama zetu jiko jema namshukuru. Nasema tu kwamba moshi wa mnyonge huwa na jina, una picha yake ukutani na semina yake. Moshi wa mwenye gari huitwa maendeleo.

Gwakisa aliyasikia maneno hayo akaenda kuyatenda, kwa upendo. Akamnunulia bibi jiko la gesi. Akayatoa mafiga yake matatu, moja moja, akayaweka chini ya mgomba nje. Bibi alisimama akiyatazama yakitolewa kama mtu anayetazama ndugu zake wakihamishwa. Hakukataa. Alilifunika jiko la gesi kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama linavyofunikwa redio, na akawa anapika kwa adabu kubwa, kama yuko nyumbani kwa mtu.

"Ndizi ya gesi ina ladha gani, bibi?" nilimuuliza.

"Ina ladha ya maji ya moto, mwanangu. Lakini mtoto kanunua, nitamwambiaje?"

Kikohozi hakikupungua, kikazidi. Tukampeleka hospitali. Kule akapata nafuu, akawa anakaa kitandani akiwatania wauguzi, akala, akalala. Tukamrudisha nyumbani tukishangilia, na asubuhi iliyofuata alikuwa ameshika mwimo wa mlango tena, midomo imebadilika rangi. Wengine wakasema uzee. Wengine wakaanza kunong'ona habari za mkono wa mtu. Gwakisa akawa mkali, akamfukuza mmoja uani kwake. Ukali wake ulikuwa woga tu. Aliniambia tukiwa njiani, bila kunitazama, "Huyu akiondoka, mimi nitakuwa wa nani?"

Ndipo ikaja asubuhi yenyewe.

Fundi Ambakisye alikuwa anakwenda Mbeya kutafuta vipuri, akaja kuomba lifti. Lori linanguruma, pua barabarani, mkia kwenye jiko. Mimi niko uani nakaza kamba za mzigo. Gwakisa yuko dirishani, hanywi, amekishika tu kikombe. Bibi amekaa ndani kwenye kigoda, kwa kuwa kusimama kulikuwa kumemshinda. Ambakisye akasogea kumjulia hali.

"Bibi, habari za kifua?"

"Kipo, fundi. Kinapiga ngoma bila kualikwa."

Ambakisye akacheka, kisha akafikicha macho. Akafikicha tena. "Bibi, umewasha kuni?"

"Kuni zangu ziko chini ya mgomba na mafiga yake. Muulize mjukuu wangu."

"Basi mkaa."

"Sina mkaa."

"Gesi inavuja?"

"Chai hii kaichemsha jirani, kaileta. Mimi leo sijawasha hata kiberiti."

Ambakisye akatia kichwa chake chote dirishani, akavuta hewa, akajitoa upesi akikohoa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Alipoinama kushika kizingiti ili apumue, mkono wake ukaangukia kile chuma. Akakitazama. Akageuka akalitazama bomba la lori, lililokuwa limeelekea pale pale tulipo, likitoa kitu kisichoonekana.

"Gwakisa," akasema polepole, "zima gari."

"Upepo haujajaa."

"Zima gari, ndugu yangu!"

Gwakisa akakimbia akalizima. Kukawa kimya, tukawasikia hata kuku. Aliporudi, Ambakisye alikuwa amekishika kile chuma mikononi, na sura yake haikuwa ya mcheshi tena.

"Tulicheka," akasema. "Ulinikuta nikasema kinapoza moto, ukaniuliza kwa baridi hii tunapoza nini, tukacheka. Si baridi ya nje. Ni moto wa tumboni mwa injini. Moshi ule ukirudi kidogo, moto unapoa. Usiporudi, moto unakuwa mkali, na moto mkali unazaa hewa kali, ambayo haina rangi. Inakata koo kama pilipili. Mimi nilitoa kizuizi, na wewe ukaligeuzia bomba hapa."

Gwakisa alimtazama bibi. Na bibi, badala ya kushangaa, aliinamisha kichwa akawa ananyoosha khanga yake magotini.

"Bibi," Gwakisa akasema. "Ulijua?"

"Habari za chuma sikuzijua. Mimi si fundi."

"Bibi."

"Nina pua, Gwakisa. Ukiwasha gari kikohozi kinakuja, ukiondoka kinaondoka. Siku ulizokuwa na safari ya mbali nililala vizuri."

"Na hukuniambia! Nimekutolea mafiga yako, nimekupeleka hospitali, nimegombana na watu uani, na wewe umekaa na neno lako moyoni!"

"Usinipigie kelele, nilikufundisha kutembea." Alisubiri pumzi irudi. "Lilikuwa halipandi, baba. Ulikuwa unarudi jioni umeinamisha kichwa. Kisha likaanza kupanda, nikawa nakusikia toka huku jikoni, linaimba mpaka juu kabisa. Nikajiambia, Tusekile, kikohozi ni chako wewe mzee, mlima ni wa mtoto. Ningekwambiaje ulirudishe kwenye kulia?"

Gwakisa, mtu mzima mwenye ndevu, alipiga magoti nje ya dirisha, na kwa kuwa dirisha lilikuwa juu kidogo, bibi hakuweza kumwona tena. Akanyoosha mkono nje, akapapasa hadi akakipata kichwa chake. Akauacha mkono pale.

"Na ulinyonya kwa kijiko," akasema, "ukinitemea maziwa usoni. Hukuniomba radhi hata siku moja. Leo unaliaje?"

Ambakisye alikuwa bado amekishika kile chuma, hajui akiweke wapi. Bibi akamwambia, "Hebu, fundi. Nieleze kwa lugha ya mwenye ng'ombe. Hiki kilikuwa kinafanya nini?"

"Kinailisha injini moshi wake yenyewe, bibi. Si wote. Sehemu yake."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, unatoka."

"Unakwenda wapi?"

Ambakisye alitazama bomba, akatazama dirisha.

Bibi akacheka, kicheko kilichovunjikia kwenye kikohozi, akajifuta mdomo kwa pindo la khanga. "Basi yamekwisha. Asiyekula moshi wake humlisha jirani. Tena mimi nimelishwa nimeshiba. Mtafutieni mwenye moshi sahani yake."

Ndivyo ilivyosemwa mara ya kwanza, na mwanamke asiyewahi kushika usukani, akiwa amekaa kwenye kigoda, mkono wake uko juu ya kichwa cha aliyemlisha moshi huo bila kujua.

Siku hiyo hatukwenda sokoni. Ndizi zikaiva, tukazigawa kwa majirani. Ambakisye aliketi uani akaiosha ile valvu kwa dizeli na mswaki wa meno, akiyakwangua masizi mpaka tundu likaona jua. Akalifungua lile bati alilolikata mwenyewe, akairudisha valvu mahali pake. Gwakisa akaenda chini ya mgomba, akayabeba mafiga, akayarudisha jikoni moja moja. Baadaye alitoboa paa akaweka bomba la kutolea moshi juu ya mafiga hayo, kwa sababu wale wa semina nao hawakusema uongo, walisema nusu.

Lori liliendelea kupanda mlima. Ambakisye alisema ukweli siku ile ya kwanza, kwamba ikioshwa inatosha. Kilichotushinda ni kuosha. Sasa Gwakisa akaifanya kazi ya kila anapopumzika, yeye na mswaki wake, na madereva wenzake wakawa wanapita wakimpigia honi. "Gwakisa, unaliogesha meno!" Alikuwa anajibu, "Njoo na la kwako, linanuka mdomo."

Akaligeuza pia. Mkia ukatazama barabara, pua ikatazama ua. Na kwa kuwa sasa halikuwa na mteremko wa kulishtua, stata ikinuna tulilisukuma sisi, wapakizi na majirani wote, hata yule aliyefukuzwa uani kwa habari za mkono wa mtu. Hakuna aliyenung'unika. Tulilisukuma mpaka mbali na ua, likawaka huko, likajaza upepo huko.

Kifua cha bibi hakikurudi chote. Sitawadanganya kwa ajili ya kupamba. Kilichoharibika hakikupona, ila hakikuendelea kuharibika. Aliishi mpaka akacheza kwenye harusi ya Gwakisa, akakohoa, akakaa, akainuka akacheza tena.

Lakini dirisha sasa lilikosa cha kulishikilia. Upepo ukarudia tabia yake. Tulitafuta mawe, tukatafuta magogo. Gwakisa akayakataa yote. Kila asubuhi alisimama pale, akauegemeza ule ubao kwa bega lake, kikombe mkononi, upepo ukimpiga mgongoni, mpaka chai ikaisha.

"Umelala, baba?"

"Nimelala, bibi. Na wewe?"

Zamani alikuwa hamuulizi.

Hiyo ndiyo asili yake, na sasa mnajua mama Ipyana hakuwa anawatania. Yako malori mengi barabara hii yasiyo na bibi mkiani, au ndivyo wenyewe wanavyodhani. Ziko karakana zenye uzio mrefu na walinzi, zinazotoa valvu hizi kwa amri ya wakubwa, maana kuosha ni kupoteza muda, na bomba la huko halielekei dirisha la mkubwa. Linaelekea la kwenu. Nimeyaona mengi ya namna hiyo, na siku nitakayoulizwa nitayataja kwa majina. Ila wewe, Lusajo, hujaamriwa na mtu. Gari hilo uliloliinamia unajua linalala wapi, na unajua nani analala nyuma yake. Mswaki uko pale kwenye kopo la dizeli.

Asiyekula moshi wake humlisha jirani.